Winchester Model 70 Featherweight: bunduki ya msituni

Winchester Model 70 iliingia sokoni mwaka 1936, na tangu wakati huo imepewa kazi zisizofanana hata kidogo: kuwinda kulungu katika misitu ya Amerika Kaskazini, kukabili nyati Afrika Mashariki, na kudungua askari wa adui katika vita vya Vietnam. Hapa nazungumzia toleo jepesi liitwalo Featherweight, la risasi za .30-06 (namba ya mwanzo huonyesha kipenyo cha risasi kwa inchi), ambalo nimelitumia kuwindia kulungu wa mkia mweupe katika misitu ya Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nawaandikia hasa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huku ambao wameanza kuwinda, na ambao wakifika dukani husifiwa bunduki hii kwa mambo yasiyowahusu.

Jambo linaloihalalisha bei yake, ambayo kwa bunduki mpya huzidi dola 1,000, ni namna inavyoishika risasi. Ubavuni mwa bolti, kile kipande cha chuma kinachosukumwa mbele na nyuma kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda, kuna ulimi mrefu wa chuma wenye kucha, muundo uliotokana na Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898. Bolti inaposukumwa mbele, risasi inayochomoza kwenye magazini hupenyeza ukingo wa kitako chake chini ya kucha hiyo, ikashikwa na kuongozwa mpaka ndani ya chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu), badala ya kusukumwa ikiwa huru. Kwa hiyo mwindaji anayeharakisha risasi ya pili, hata bunduki ikiwa imelala ubavu, haidondoshi, na ni vigumu kwake kusukumia risasi mbili kwa pamoja zikakwama. Ganda lililonata kwa joto au vumbi nalo hung'olewa kwa nguvu.

Wawindaji wa Afrika Mashariki waliithamini sifa hiyo mapema. Toleo la .375 H&H lilipatikana tangu 1937, na mwaka 1956 kampuni ikatoa risasi ya .458 Winchester Magnum pamoja na bunduki yake iliyoitwa Model 70 African, iliyokusudiwa tembo na nyati. Hata leo anayewinda wanyama hatari Tanzania hatakiwi kubeba bunduki iliyo chini ya .375, na mbele ya nyati aliyejeruhiwa hakuna kitu chenye thamani zaidi ya risasi ya pili kuingia chemba bila kusita.

Anayenunua bunduki iliyokwisha tumika lazima ajue habari ya mwaka 1964. Mwaka huo, ili kupunguza gharama za utengenezaji, kampuni iliondoa kucha ile ndefu na kuweka mtindo wa kusukuma risasi, ikaacha pia kuchonga nakshi za kitako cha bunduki na badala yake ikazigandamiza kwa mashine. Wateja walikasirika, na ndiyo sababu mpaka leo bunduki za kabla ya 1964 huuzwa kwa bei ya juu. Kucha ilirudi mwaka 1992 katika toleo la Classic. Kiwanda cha zamani cha New Haven, Connecticut, kikafungwa 2006, na kuanzia 2008 bunduki hizi zikatengenezwa tena, safari hii South Carolina. Za sasa huunganishwa Ureno, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuzidharau. Usisikilize maneno ya muuzaji; fungua bolti utazame mwenyewe kama ulimi ule mrefu upo.

Sifa nyingine wanayoitaja wauzaji ni ya udunguaji. Ni kweli kwamba Carlos Hathcock, mdunguaji wa kikosi cha Marines cha jeshi la Marekani anayehesabiwa kuwaua maadui 93 Vietnam, alitumia Model 70 ya .30-06 yenye darubini ya kampuni ya Unertl inayokuza mara nane. Lakini ile ilikuwa bunduki ya shabaha, yenye mtutu mzito, iliyotumiwa na mtu aliyekuwa tayari bingwa wa mashindano. Mwaka 1966 Marines waliamua kutumia bunduki nyingine, Remington 700, wakaiita M40. Mdunguaji hulala mahali pamoja kwa saa nyingi, akilenga mbali sana. Mwindaji wa Vermont hutembea kutwa nzima katika theluji na vichaka, na kulungu humtokea mara nyingi umbali usiofika mita 100.

Kwa kazi hiyo Featherweight inafaa mno. Ina kilo 3.2 hivi kabla ya kufungwa darubini, na mtutu wake wa sentimita 56 haunasi ovyo kwenye matawi. Gharama ya wepesi huo huonekana mahali pawili: mtutu mwembamba hupata joto haraka, hivyo ukijaribu shabaha usubiri upoe kati ya risasi chache na chache, na bega hupokea kishindo kikali, hasa kwa risasi za gramu 11.7 zinazotoka kwa kasi ya mita 823 hivi kwa sekunde. Kinga ya usalama ina nafasi tatu, na ile ya katikati huzuia bunduki isifyatuke huku bolti ikifunguka, ili uweze kutoa risasi bila hofu. Ningependa kila bunduki anayopewa mwanafunzi iwe na kinga ya namna hii.

Kuna matumizi mengine ninayoyapinga moja kwa moja. Sheria ya Vermont inaruhusu, kuanzia 25 Machi hadi 25 Mei, kuwapiga samaki wa aina fulani kwa bunduki katika Ziwa Champlain, akiwemo paiki, samaki mkubwa wa maji baridi alaye samaki wengine, anayeingia kwenye maji ya kina kifupi ili kutaga mayai. Baadhi ya wapigaji hupanda juu ya miti, wakalenga karibu na samaki ili mshtuko ndani ya maji umuue au umlegeze. Risasi inayogusa maji kwa mwinamo mdogo huweza kuruka na kwenda pasipojulikana, na ya .30-06 hubaki na nguvu ya kuua mbali sana. Samaki wanaopigwa ni wazazi walio katika kutaga, na wengine huzama bila kuokotwa. Kenya ilipiga marufuku hata bunduki za mishale za wavuvi mwaka 2001, na naona Vermont nayo ingefaa kuufunga msimu huu.

Kwa mwindaji wa kulungu wa huku, basi, naipendekeza bila kusita ikiwa na darubini ndogo inayokuza mara mbili hadi saba na risasi za gramu 9.7, ambazo hupunguza kishindo na zinatosha kabisa kwa mnyama huyo. Mwenye bega dogo achague toleo la .308, ambalo halimgongi sana.