Eti Mama Mkwe Hajazoea Kuni

Nilisema sitaandika. Nimekaa na jambo hili wiki kama tatu, pengine nne, nikijiambia kwamba ni pizza tu na dunia ina shida kubwa zaidi. Lakini kila nikiosha vyombo namkumbuka yule mhudumu, na sahani inataka kuniponyoka. Basi acha niandike, huenda litanitoka.

Mgahawa wenyewe uko pembezoni mwa mji, kwenye mitaa ya nyumba zenye kuta ndefu. Tanuri la kuni limejengwa katikati ya ukumbi ili kila anayeingia alione kabla hajaona meza. Tulikwenda wanne: mimi, mume wangu, mama yake na mpwa wangu wa miaka tisa. Huyo mtoto ndiye aliyetuburuza huko, kwa sababu wenzake walimwambia kuna mahali unaitazama pizza yako inavyoiva. Mama mkwe hakutaka kutoka siku ile. Alikuja kwa ajili ya mtoto.

Orodha ya vyakula ilinichokoza mapema, ingawa wakati huo nilicheka tu. Wameandika kwamba wanafuata jadi ya Napoli, mji wa Italia, "iliyotambuliwa na UNESCO". Kweli, ilitambuliwa, mwaka 2017. Lakini kilichotambuliwa ni sanaa ya wapishi wa pizza wa Napoli, yaani watu na mikono yao, si kila mwenye dohani. Haya, tuyaache hayo.

Tuliagiza Margherita, nyanya na jibini la mozzarella na majani ya basili, basi. Mimi huwa naanza na hiyo mahali nisipopajua, kwa kuwa haina pa kujificha. Mpwa wangu alikwenda kusimama mbele ya tanuri, na sepetu lilipoingiza pizza yetu akaanza kuhesabu kwa sauti. Pizza ya namna hii, moto ukiwa umekolea sawasawa, huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Mtoto alihesabu hadi mia tatu, akachoka, akarudi mezani kunywa maji.

Hapo ndipo mama mkwe alipoinua macho akalitazama tanuri. Moshi ulikuwa mwingi, unawasha macho. Kuba la ndani lilikuwa jeusi tii, wakati tanuri lililopata moto wa kutosha huunguza masizi yake lenyewe, kuba likawa jeupe. Akasema polepole, kama anayejisemea: "Kuni hizo mbichi." Mume wangu akamwambia, mama, tumekuja kula, si kukagua.

Ikaja. Juu imepauka kama mgonjwa. Jibini limeachana na nyanya, kila kimoja kinaogelea kivyake. Nilipoinua kipande, ncha yake ilianguka chini kama ulimi wa mbwa, na katikati kulikuwa na unga mbichi kabisa, ule wa kunata kwenye meno. Chini imeungua! Ungetegemea angalau mbichi iwe mbichi na iliyoungua iwe iliyoungua. Hii ilikuwa vyote viwili, na uchungu wa ule unga mkavu unaoachwa kwenye sakafu ya tanuri ukaungua na kuishika pizza inayofuata.

Mpaka hapo nilikuwa mtulivu, naapa. Makosa ya jikoni nayajua, mimi mwenyewe nimeunguza vya kutosha. Tukamwita mhudumu, kijana mtanashati, jicho moja kwenye simu. Mama mkwe ndiye aliyemwonyesha, kwa upole, akibonyeza katikati kwa uma: "Mwanangu, hapa haijaiva." Kijana hakuinama hata kutazama. Salamu yenyewe hakumpa tangu tuketi. Akasema, "Mama, hiyo ndiyo pizza ya kuni. Labda hujazoea."

Labda hujazoea.

Mwanamke aliyepika kwa kuni tangu utotoni, akalea watoto sita kwa moto huo huo, ambaye hadi leo akisikia harufu ya moshi anakuambia ni wa mti gani! Mama hakujibu. Alikunja kitambaa chake cha karatasi mara mbili, akakiweka kando ya sahani. Mimi damu ilinichemka. Kuanzia hapo kila kitu kikanikera: viti, muziki, glasi, hata lile ua dogo mezani ambalo nilikuwa nimelisifia muda mfupi tu uliopita. Nilisema maneno. Sitayarudia hapa, lakini meza ya jirani iliacha kula.

Kama ningeandika usiku ule, ningetoa nyota sifuri, na kama kungekuwa na namna ya kutoa chini ya sifuri ningeitafuta.

Ila sasa niseme kweli, maana nisiposema mume wangu ataniumbua. Kelele zangu zilimfikia mpishi wa tanuri. Akaja mwenyewe, anajifuta mikono kwenye aproni, uso umemwiva kwa joto. Kitu cha kwanza: "Shikamoo, mama." Akatazama ile pizza, akaifunua chini, akatikisa kichwa. Hakujitetea. Mama akamwambia, "Kuni zako zimelowa, mwanangu." Akacheka kwa aibu, akasema kavu zilikwisha, mzigo mpya umeletwa siku hiyo hiyo, wa juu ni mkavu, wa chini unatoa povu kwenye ncha ukiuwasha.

Sijui walivyoelewana. Nilichoona ni mama mkwe amesimama karibu na mdomo wa tanuri, mkono kiunoni, anamwelekeza kijana wa watu achague vipande vyepesi, avipasue vyembamba, vile vizito avipange kando vipate joto kwanza. Naye anafuata, "ndiyo mama, sawa mama". Ikapita kama nusu saa. Moto ukaanza kulamba kuba, weusi ukajitenga katikati kama pazia linalofunguliwa. Akafagia sakafu ya tanuri, akatandaza donge jipya kwa vidole, bila kusukuma kwa mti, akaingiza.

Mpwa wangu akahesabu tena. Hakufika mia.

Ile pizza ya pili, jamani. Ukingo umefura, una madoa meusi kama ya chui. Nikaukunja mkononi haukuvunjika. Nyanya bado ina uchachu wake, jibini limeyeyuka bila kutoa maji. Tuliimaliza bila kuongea, na mimi, niliyekuwa nimeapa sitagusa kitu, nilikula vipande vitatu. Nikaanza kufikiria nyota nne. Nne na nusu.

Kisha bili ikaletwa, na aliyeileta ni yule yule. Ile pizza mbovu haikuwemo. Nilisoma mara mbili nikitafuta kosa, sikulipata, nikachukia kutolipata. Akatabasamu, akamwambia mama mkwe: "Mmeona? Sasa mmezoea."

Mume wangu anasema kijana alikuwa anatania. Mume wangu husema hivyo juu ya kila mtu. Mimi usiku ule sikulala, nilikaa na simu nikisoma masharti ya Associazione Verace Pizza Napoletana, chama cha huko Napoli kilichoanzishwa 1984, kama mtu anayejiandaa kwenda mahakamani. Wameandika yote: sakafu ya tanuri nyuzi 380 hadi 430 za Selsiasi, kipenyo kisizidi sentimita 35, ukingo sentimita moja hadi mbili, katikati pawe pembamba kama milimita mbili na nusu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mlaji azoee unga mbichi.

Kwa hiyo nyota mbili. Au tatu, kwa ajili ya yule mpishi, ambaye ningempa tano kama angekuwa anahudumia mwenyewe. Hapana, mbili. Ukienda, tazama kuba kabla hujaagiza. Likiwa jeusi, kunywa soda usubiri.

Shida yangu ni mama mkwe. Kila Jumamosi anauliza, lini tunarudi kwa yule kijana wa kuni. Juzi alikuwa amevaa viatu tayari.