Uzoefu wangu na mkusanyo wa Fantastic Four 31 hadi 60: Doom mmoja, wapiga wino watatu

Hiki kitabu ninacho miezi minne sasa ndo naandika, sikutaka kuandika siku ya kwanza maana siku ya kwanza kila kitu kinapendeza. Ni mkusanyo wa komiki za Fantastic Four, kundi la masupahiro wanne wa Kimarekani, kuanzia toleo la 31 mpaka la 60 pamoja na yale matoleo manene ya mwaka, yaani kazi za 1964 hadi mwanzoni mwa 1967, penseli ya Jack Kirby mwanzo mwisho na maneno ya Stan Lee. Kurasa zinapita 800, jalada gumu, nilikipima kwenye mizani ya duka la Mangi kikakaribia kilo tatu. Kimenigharimu karibu laki tatu ukijumlisha na kukileta kutoka Marekani, na wakala aliyeleta mzigo aliufunga hovyo, kona moja ya chini ikafika imebondeka, nikalalamika nikaambiwa pole basi. Kurasa za ndani ziko salama ila kwa hela ile iliniuma sana, kwa hiyo ukiagiza sisitiza wakufungie boksi ndani ya boksi.

Mimi nachora mabango na kuta za maduka huku Mbagala, kwa hiyo komiki naanza kuangalia mstari kwanza hadithi inafuata. Nimekua na gazeti la katuni la Sani kama wengi wa rika langu, tulikuwa tunanakili mhusika wake Ndumilakuwili nyuma ya madaftari mpaka mwalimu anakusanya. Sasa nikisikia watu wanaongelea michoro ya masupahiro namsikia akitajwa mtu mmoja tu, Kirby Kirby, na Kirby anastahili kabisa, lakini ukurasa ule ulipita mikononi mwa watu kadhaa. Yeye anachora kwa penseli kwenye karatasi kubwa karibu mara mbili ya ukurasa unaochapwa, halafu inapelekwa kwa mtu mwingine aipige wino kwa brashi na nibu ndo iende kwenye mashine. Huyu mpiga wino ndo anaamua mstari uwe mnene au mwembamba, kivuli kiwe doa zima jeusi au vimistari vimistari, na hapo sura nzima inaweza kubadilika.

Na ndo sababu nilitaka mkusanyo huu na sio mwingine. Humu ndani Doctor Doom, adui ninaempenda kuliko wote, anapita kwa wapiga wino tofauti na penseli ni ya mtu yule yule, mimi nitaongelea watatu. Wa kwanza ni Chic Stone, kwenye toleo la mwaka la 1964 linaloeleza Doom alitokea wapi, mtoto wa mganga huko Latveria, nchi ya kubuni, mpaka siku anavalishwa barakoa ya chuma kabla haijapoa vizuri. Stone anazungushia kila kitu mstari mnene wa nje, mtu anasimama kabisa mbele ya ukuta, ukikaa mbali na kitabu bado unasoma umbo. Mimi kama mtu wa mabango naipenda sana hii, ni mstari wa mtu anaejua kazi itaangaliwa na mpita njia.

Halafu mwaka 1965 anakuja Vince Colletta, toleo la 40 mpaka la 43 na lile la mwaka la harusi ya Reed na Sue, wawili kati ya wale wanne. Toleo la 40 lina pigano ambalo nimelirudia sijui mara ngapi, Ben Grimm, yule mwenzao mwenye mwili wa mawe, anaikamata mikono ya Doom na kuiponda humo humo ndani ya glovu za chuma. Penseli ya Kirby pale ina uzito wa kutisha, unaona kabisa mabega yanavyosukuma, ila wino wa Colletta ni vimistari vyembamba vya nibu vinavyokwaruza kwaruza, chuma cha Doom kinakuwa kama shuka lililokunjwa. Colletta anajulikana pia kwa kufuta vitu vya nyuma, madirisha, watu wa kwenye umati, ili awahi muda, na mashabiki wengi hawajamsamehe. Mimi nitamtetea kidogo. Kwenye Thor, komiki nyingine aliyoipiga wino, vimistari vile vile vinakaa vizuri kabisa, vinatoa hisia ya michoro ya kale, ngozi, ndevu, mawe ya ngome, na alikuwa anatoka kwenye komiki za mapenzi, nywele na nyuso za wanawake anaziweza. Tatizo ni kwamba Fantastic Four ni mashine na vioo na chuma, na huko mkono wake haukufaa, ndo maoni yangu na nimeangalia kurasa zile kwa taa na kwa jua.

Ukifungua toleo la 44 la Novemba 1965 utajua mwenyewe hata usiposoma jina. Mpiga wino wa tatu, Joe Sinnott, amerudi. Alikuwa ameshaipiga wino komiki hii mara moja tu, toleo la 5 la mwaka 1962, ambalo ndo Doom anatokea kwa mara ya kwanza kabisa, halafu akapotea miaka mitatu. Aisee. Yaani mawe ya Ben ambayo mwanzo yalikuwa kama udongo uliovimba sasa kila jiwe lina ukingo wake, chuma kinang'aa kwa sababu ameacha nyeupe pale pale inapotakiwa, mstari unaanza mwembamba unanenepa katikati unaisha kama ncha ya sindano. Kuna ukurasa wa kwanza wa toleo la 51, Ben amesimama peke yake kwenye mvua, hakuna mapigano hakuna chochote, mvua tu na yule mtu, nilikaa nao jioni nzima.

Humo katikati ndo kuna Galactus, toleo la 48 hadi 50 za 1966, adui anaekula sayari, na mtangulizi wake Silver Surfer ambae Kirby alimchora mwenyewe bila kuambiwa, Lee akamkuta tu kwenye kurasa. Angalia vile vidoa vyeusi vinavyojazana kuzunguka nguvu za anga, Kirby ndo alivianzisha na watu wanavinakili mpaka leo. Toleo la 52 ndo anatokea Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni, vazi jeusi mwili mzima, na ukitaka kujua ugumu wa wino jaribu kuchora mtu wa vazi jeusi tii juu ya kivuli cheusi asipotee. Sinnott anamtoa kwa mistari michache ya mwanga kwenye misuli, michache mno.

Kasoro ya kitabu kwangu ni karatasi. Ni nyeupe sana na inang'aa, rangi zimewekwa upya zinapiga kelele, wakati rangi zile zilipangwa kwa karatasi rahisi ya gazeti inayonywa wino na kuzipooza. Usiku chini ya balbu inabidi ukiinamishe kitabu. Wino mweusi lakini umetoka safi, hata vimistari vya Colletta havijagandana, na mgongo umeshonwa kwa hiyo kinalala wazi mezani bila kushikiliwa.

Mwezi uliopita niliweka karatasi ya kupitishia juu ya uso wa Doom wa toleo la 57, pale anapomnyang'anya Silver Surfer nguvu zake, nikachora kwa penseli mara mbili, moja nikaipiga wino kwa nibu vimistari vimistari, nyingine kwa brashi namba 2. Ya nibu Doom alikuwa mzee aliyechoka. Ya brashi alikuwa Doom. Nimezibandika zote mbili ukutani kibandani, na vijana wawili ninaowafundisha nimewaambia wachague toleo la 40 au la 57 kila mmoja wanakili ukurasa mmoja mpaka Jumamosi, wote wawili wameligombania la 57.