Nilienda kuwacheka wazee wa kriketi Edgbaston, nikarudi sina sauti

Niseme tu ukweli, mwenye wazimu wa kriketi ni shemeji yangu, mimi nilikuwa msindikizaji. Aliponiambia ni World Championship of Legends, yaani wachezaji waliostaafu timu za taifa wanakuja huku Uingereza kucheza ova 20 kwa 20 (ova moja ni boli sita), nikajua naenda kuona vitambi vikikimbizana. Si mechi za maveterani tunazijua, dakika kumi tu mtu ameshika kiuno anaomba maji.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimetazama kidogo kwa simu (hiyo app sitaitaja jina, ila iliganda kila boli ikirushwa, pesa yangu nimeisamehe) ile mechi ya Afrika Kusini na West Indies iliyoishia sare, wakaamua kwa kurusha boli kwenye stampu, vile vijiti vitatu anavyolinda mpigaji, ila hapa bila mtu wa kuvilinda. Ni kama penati lakini golini hakuna kipa. Watu waliorusha boli miaka 20 wanakosa vijiti vitupu! Afrika Kusini 2, West Indies 0. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Sasa fainali, tarehe 2 Agosti 2025, uwanja wa Edgbaston, Birmingham, Pakistan na haohao Afrika Kusini. Pakistan nusu fainali hawakucheza maana India walikataa kuingia uwanjani nao, Afrika Kusini wao walimpita Australia kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, moja tu. Pakistan wakaanza kupiga, Sharjeel Khan akapata mikimbio 76 kwa boli 44, jumla ya timu 195 kwa wiketi 5 (yaani wapigaji watano wametolewa), nikamwambia shemeji twende zetu hii imeisha. Maana umri unauona kabisa: boli inaelekea pembeni, jamaa anaitazama kwanza, anashauriana na magoti yake, ndio anaanza kukimbia. Shemeji akanijibu wewe usiangalie miguu, angalia mikono.

Ikaja zamu ya Afrika Kusini, akaingia AB de Villiers. Miaka 41, kriketi yote aliiacha Novemba 2021. Yaani sijui niielezeje, mrushaji bado anakuja mbio, yeye ameshajua boli itatua wapi, anasogea hatua moja tu, goti moja chini, boli inaruka nyuma yake kule ambako hakuna mtu, na wala hageuki kuiangalia. Hapo alikuwa hahitaji kukimbia kabisa! Mwenzake Amla akatolewa na Ajmal wa Pakistan, akaingia Duminy akapiga 50 zake bila kelele, lakini macho ya watu yalikuwa upande mmoja. Mia moja kwa boli 47, akamaliza na 120 bila kutolewa, Afrika Kusini wakashinda zikiwa zimebaki boli 19. Na hiyo ilikuwa mia yake ya tatu kwenye mashindano hayo, England na Australia walishaonja. Mimi msindikizaji nilikuwa nimesimama juu ya kiti.

Kilichoniuma ni kwamba timu zilikuwa 6 tu na Kenya hatukuwemo. Sisi tuliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 hatuna wakongwe? Steve Tikolo, nahodha wetu wa wakati ule, mimi ningelipa hata mara mbili kumwona anashika bati tena, na hayo magoti nisingeyacheka.

Kwa anayefikiria kwenda, nenda, ila usiende ukitarajia kasi ya vijana, na beba koti zito, jioni ya Agosti huku si ya Mombasa.

Tukiwa kwenye treni nikampigia mzee Nairobi. Huyu mzee wangu mwaka 1996 alikuwa na duka Ngara, na Oktoba ile Shahid Afridi wa Pakistan alipiga mia kwa boli 37 pale uwanja wa Gymkhana dhidi ya Sri Lanka, sikisi 11 (boli inaruka mpaka nje ya uwanja, mikimbio sita kila moja), rekodi ya dunia ya mechi za ova 50 iliyokaa zaidi ya miaka 17, hadithi tumeilishwa na chai utoto wote. Nikamsimulia ya de Villiers kwa kelele, abiria wananitazama.

"Mia kwa boli ngapi?"

"Arobaini na saba, baba."

Akanyamaza kidogo. "Basi bado huyo. Wetu wa Gymkhana thelathini na saba."

Nikataka kumkumbusha kwamba huyuhuyu de Villiers ndiye aliyekuja kuishusha mpaka 31 kule Johannesburg mwaka 2015, shemeji akanikanyaga mguu.