Lenzi ya kupiga picha za ndege: zumu au praimu?

Kabla ya kuulizia bei, amua jambo moja: muda mwingi utakuwa ndani ya gari au kwa miguu? Kwa sisi tunaopiga picha za ndege Afrika Mashariki, hilo lina uzito kuliko ubishi wote kuhusu ukali wa picha. Ndani ya gari kwenye hifadhi za Nakuru au Manyara hushuki popote unapotaka, na dereva haruhusiwi kuacha njia ili akusogeze. Ndege akitua karibu mno huna pa kurudi nyuma. Hapo zumu, yaani lenzi inayovuta, inaishinda praimu yenye urefu mmoja usiobadilika. Ukiingia misitu ya Arabuko-Sokoke au Amani kwa miguu, mambo yanageuka: unaweza kusogea, ila mwanga ni haba na kila gramu inakuning'inia shingoni tangu alfajiri.

Kwa wanunuzi wengi, nafasi ya kwanza naipa zumu inayofika milimita 600 (milimita zikizidi, ndege anaonekana karibu zaidi). Mwenye Sony achukue 200-600 ya mwaka 2019. Mwenye Nikon mpya isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), Z 180-600 ya 2023. Mwenye Canon au Nikon ya zamani atafute Sigma 150-600 Contemporary ya 2015, inayopatikana kwa urahisi kwa mtumba. Zote zina uzito wa kilo 2 hivi. Faida yake utaiona ukiwa kwenye boti Naivasha, furukombe anapoondoka mtini kufuata samaki. Ukianza na 600 utahangaika kumtafuta angani na kamera haitamwona. Anza na 200 au 300, mnase kwa fokasi, kisha vuta. Akifika majini karibu na boti, rudisha nyuma haraka, kwa sababu mabawa yake yakitandazwa yanafika mita 2 na lenzi ya 600 itayakata.

Unapolinganisha zumu hizi, usijali zinafanyaje kwenye 150 au 200. Picha nyingi za ndege utazipiga ukiwa umevuta hadi mwisho, kwa hiyo angalia ubora wa 600 tu. Kitu kingine ni vumbi: Sigma hurefuka unapovuta na kuingiza hewa ndani, wakati zile za Sony na Nikon Z hazirefuki kabisa. Kwa mtu wa Amboseli au Tsavo wakati wa kiangazi, hiyo ni sababu tosha ya kuongeza pesa.

Nafasi ya pili ni praimu nyepesi, na kwa anayetembea msituni naiweka ya kwanza. Nikon 500mm f/5.6 PF ya 2018 ina gramu 1,460 tu; utaishika mkononi asubuhi nzima bila stendi. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi. Tusidanganyane kuhusu mwanga, maana f/5.6 dhidi ya f/6.3 ya zile zumu kwenye 600 ni tofauti ndogo sana. Unacholipia ni wepesi na fokasi inayoshika haraka. Mwenye Canon na mfuko mdogo aitafute 400mm f/5.6L, lenzi ya tangu 1993 isiyo na kituliza mtetemo. Kwa ndege anayeruka, ukiwa na kasi ya shata ya sekunde 1/2000, kituliza hakikusaidii sana. Kwa bundi aliyetulia kivulini, utakitamani.

Canon RF 100-500, ya kamera za Canon zisizo na kioo, naiweka ya tatu. Bila kishikio chake cha stendi haifiki kilo moja na nusu, na inapiga vizuri hata chozi aliye karibu kwenye ua, lakini mwisho wake ni f/7.1 na bei imechangamka.

Kuna Canon RF 800mm f/11, nyepesi na ya bei nafuu kwa urefu huo. Inapitisha robo tu ya mwanga wa f/5.6, tena haishiki kitu kilicho karibu zaidi ya mita 6. Heroe ziwani jua likiwa limepanda, sawa. Msituni, hapana.

Mwisho kabisa ni praimu kubwa za 600mm f/4. Picha zake sina la kuzikosoa, na f/4 inaingiza mwanga mara mbili na nusu ya f/6.3. Lakini ya Sony ilitoka kwa bei ya takriban dola 13,000 na ina kilo 3. Kama picha hazikulipi, pesa hiyo igeuze iwe safari.

Ukinunua mtumba, hasa kutoka Mombasa, Zanzibar au Dar, ambako unyevu huzaa kuvu ndani ya vioo, fungua tundu la lenzi kabisa, washa tochi ya simu nyuma yake na uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, achana nayo hata bei ikiwa tamu. Zungusha pete ya kuvutia uone kama inakwama. Kisha ilaze juu ya mfuko wa mchele, piga majani ya mti wa mbali lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, na ukuze picha kwenye skrini. Katikati ya picha pasipokuwa pakali baada ya kujaribu mara kadhaa, mrudishie mwenyewe.