Hatifungani ya serikali kwa fedha za korosho: nyota nne kati ya tano, moja imekatwa

Mwanamuziki wa roki na mkulima wa korosho wa Tandahimba, Mtwara, wanaugua ugonjwa mmoja: fedha huingia kwa mkupuo, matumizi hayana msimu. Kwa hiyo bidhaa tunayoipima hapa, hatifungani (hati ya kuikopesha serikali kwa riba) ya miaka 10 na kuendelea inayouzwa kupitia benki za biashara, tumeipima kwa swali moja tu. Je, inageuza mkupuo kuwa kama mshahara?

Aliyezoea minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU, hatapata shida na mnada wa Benki Kuu, ila safari hii mnunuzi ni wewe. Serikali inakopa, nawe unataja bei kwa kila shilingi 100 ya deni. Ukitaja 98 ukapata, hatifungani ya milioni 10 imekugharimu 9,800,000. Kianzio ni milioni 1, kisha unapanda kwa laki moja moja. Ukibana bei mno, zabuni inaachwa na unasubiri mnada mwingine. Kabla ya yote hayo lazima benki ikufungulie akaunti ya CDS, yaani akaunti inayotunza rekodi ya hatifungani zako, na hapo ndipo wengi hukwama: wanakwenda na fomu wiki ambayo malipo ya korosho yameshaingia. Fungua Agosti au Septemba. Fedha inayosubiri fomu huishia kwenye pikipiki.

Kuponi, yaani malipo ya riba, hulipwa kila miezi 6. Kwa kiwango cha mfano cha 12%, milioni 10 inakupa 600,000 mara mbili kwa mwaka, bila kupanda wala kushuka. Uzuri wake hauonekani ukinunua moja. Nunua mbili zenye miezi tofauti ya malipo, tuseme moja ya Februari na Agosti, nyingine ya Mei na Novemba, na ya Mei itakukuta ukijiandaa kununua salfa, dawa ya mikorosho. Huo ndio wakati mfuko umekauka na mtu wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya chini kabla hazijavunwa, anabisha hodi.

Na kangomba si ya Kusini peke yake. Mwaka 1997 mwanamuziki wa roki David Bowie naye aliuza mavuno ambayo hayajaiva: alichukua dola milioni 55 kwa hatifungani za miaka 10 zenye riba ya 7.9%, dhamana yake ikiwa mapato ya albamu zake 25 za kabla ya 1990. Tofauti na kangomba ni kwamba deni lilikuwa na kikomo kwenye karatasi. Lilipokwisha mwaka 2007, mapato yalirudi kwake. Aliyelala macho wazi ni mkopeshaji, kwani mauzo ya rekodi yaliporomoka kwa sababu ya intaneti na mwaka 2004 Moody's, kampuni inayopima usalama wa madeni, ikazishusha daraja hadi hatua moja juu ya "takataka", yaani madeni ya hatari. Zililipwa zote hata hivyo. Hatifungani ya serikali haitegemei nyimbo, inategemea kodi. Ndiyo maana tunaipa nyota nyingi.

Nyota iliyokatwa ni ya kujifunga. Ukitaka fedha kabla ya wakati, unauza kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na bei si yako. Riba za hatifungani mpya zikiwa zimefika 15%, yako ya 12% iliyobakiza miaka 20 itapata kama milioni 8.1 kwa kila 10. Hujaibiwa, hesabu ndiyo inavyotaka. Kwa hiyo usiingize ada ya Januari wala fedha za palizi. Kingine: kuponi haijizalishi. Inaangukia kwenye akaunti ya kawaida, na usipoirudisha mnadani inaliwa kimyakimya.

Sasa saini, yaani nani ana mamlaka juu ya fedha zako. Ukichunguza wanamuziki nyota walioanguka kifedha, wengi hawakuangushwa na bidhaa mbaya. Sting aliibiwa zaidi ya pauni milioni 6 na mshauri wake wa fedha, aliyefungwa mwaka 1995; akaunti zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwenyewe hakushtuka. Leonard Cohen alikuta akiba yake ya uzeeni imeliwa na meneja wake. Mahakama ilimpa ushindi wa takriban dola milioni 9 mwaka 2006, lakini karatasi ya hukumu hailiwi. Mwaka 2008, akiwa na miaka zaidi ya 70, alikuwa jukwaani tena.

Kaunta ya benki ya Mtwara ina mlango uleule, mdogo tu. Karani mwema, au kijana wa ukoo anayejua kompyuta, anajaza fomu na kuweka namba yake ya simu "ili usisumbuke". Kataa. Namba iwe yako, akaunti ya kupokea kuponi iwe kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na taarifa ya CDS uiombe mwenyewe, kisha linganisha na tarehe za kuponi ulizoandika daftarini. Herufi moja ikitofautiana kwenye jina, malipo yanaweza kukwama.

Mwenye chini ya milioni, au anayeweza kuihitaji fedha mwezi ujao, atazame Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Anayejiepusha na riba kwa imani yake, hatifungani hii haimfai hata kidogo. Aulize benki kuhusu sukuk, hati za uwekezaji zinazofuata sheria ya Kiislamu.