Pomboo wa Kizimkazi: nililipia kuwaona, tukaishia kuwakimbiza

Mimi ni mtoto wa Goma. Nimekulia kando ya Ziwa Kivu, boti za Bukavu nimezipanda tangu nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo mtu akiniambia sijui mambo ya majini, ananichoma. Na ndivyo nilivyoambiwa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mbele ya mume wangu na binti yetu, ndani ya boti niliyoilipia mwenyewe.

Likizo ile tuliifanya kwa ajili ya mtoto. Kivu haina pomboo, haina hata mamba. Alikuwa amewaona kwenye simu tu, na basi la kutoka Kigali mpaka Dar lilitumaliza sisi wakubwa, yeye hakulalamika hata mara moja.

Tulitoka mapema, bahari shwari. Mapezi yakaonekana, matatu, kisha matano, yakipanda na kushuka taratibu. Pale pale nahodha akaongeza moto. Boti nyingine zikatokea kila upande, nane au tisa, mashine zikinguruma, zote zikawazingira kama watu wanaomkimbiza mwizi sokoni. "Ruka, mama! Ruka sasa!" Watalii wanajitupa, pomboo wanazama, watalii wanavutwa ndani, tunakimbiza tena. Pomboo mmoja alikuwa na mtoto ubavuni. Kila walipopanda kuvuta pumzi, boti ilikuwa juu yao. Pomboo si samaki jamani! Asipofika juu hapumui, na mtoto wake ananyonya.

Nikasema kwa heshima: "Baba, tafadhali zima mashine, tuwasubiri." Hakunigeukia hata. "Mama, kwenu Kongo kuna bahari? Utanifundisha mimi pomboo?" Vijana wake wakacheka. Binti yangu akaacha kutazama maji, akanitazama mimi.

Kwetu Goma hatuna bahari, sawa. Lakini wavuvi wetu wa sambaza wanawasha taa usiku na kutulia juu ya ziwa, samaki ndio wanaoifuata taa. Kusubiri majini tunakujua vizuri.

Halafu mafuta yakaisha. Kijana alipokuwa anabadilisha dumu, mashine ilinyamaza, labda dakika tano, na boti nyingine zilikuwa zimeshasogea mbali. Nikasikia pumzi: pfuu, karibu kabisa. Wawili walikuja wenyewe. Mmoja alipita chini yetu, akalala ubavu, jicho likatuangalia. Pezi lake lilikuwa limechanika pembeni. Alipopanda nililiona tundu la kichwani likifunguka na kufunga. Binti yangu alinong'ona tu: "Mama, anapumua kama sisi." Mimi nililia. Kwa dakika zile peke yake ningelipa mara mbili.

Ndiyo maana hasira hainiishi. Nahodha aliona kwa macho yake kwamba ukinyamaza wanakuja, na dumu lilipokaa sawa akawasha tena na kuwafuata kwa kasi ile ile.

Nilianza kuandika hapa kwamba msiende kabisa. Nimefuta. Zamani pale pomboo walivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa, na uvuvi huo uliachwa miaka ya 1990, watalii walipoanza kuja. Ghuba ya Menai yenyewe, ndiyo maji yale ya Kizimkazi, ni hifadhi tangu 1997. Hela yetu ina kazi pale, sitaki kuikata. Lakini elewaneni na nahodha mkiwa bado mchangani: mashine inazimwa mbali, hakuna kuruka juu ya mwenye mtoto, na nusu ya malipo inabaki mfukoni mwenu mpaka mrudi. Akinuna, tafuteni mwingine. Mimi nililipa yote kabla, kosa kubwa.

Tuliposhuka, bwana yule alinyoosha mkono, anataka ya soda. Nikakataa. Mume wangu akampa. Tumeshafika nyumbani siku nyingi, na juu ya hiyo pesa bado hatujaelewana.