TAHADHARI: nyumba ya likizo Amorgos, Ugiriki. Nimepigwa euro 480

Wadau, hasa mlioko Ulaya na mnaotaka kwenda Ugiriki kiangazi hiki, someni kwanza kabla hamjatuma hata senti.

Mimi na mume wangu tuko Hamburg. Mwaka huu tukasema Santorini na Mykonos hapana, kule watu wanajaa kama Kariakoo mkesha wa Idi, tukachagua Amorgos, kisiwa kimetulia, milima mitupu, na ile monasteri nyeupe ya Hozoviotissa imeng'ang'ania kwenye jabali juu ya bahari. Basi nikaona tangazo la nyumba mtandaoni, mlango wa bluu, baraza inatazama maji, wiki nzima euro 960. Jamaa akanihamishia WhatsApp fasta, mpole huyo, mpaka anaulizia mtoto anakula nini, akasema nyumba iko Aegiali, kijiji cha bandari hapo hapo Amorgos, na nilipe nusu leo leo maana kuna Wafaransa nao wanaitaka. Nikauliza usafiri je? Akajibu usijali, dakika kumi tu kutoka eapoti.

Amorgos haina eapoti jamani!! Unashukia Naxos au Santorini halafu unapanda feri, au unatoka Piraeus, bandari ya Athens, na feri ya kawaida masaa saba nane hivi. Na nilikuwa najua, ratiba za feri nilikuwa nazichungulia wiki nzima, ila akili yote ilikuwa kwenye ule mlango wa bluu.

Akaunti aliyonipa, IBAN yake (ile namba ndefu ya akaunti ya benki) inaanza na LT, yaani Lithuania, wakati za Ugiriki zinaanza na GR. Nikamuuliza, akasema ni akaunti yake ya mtandaoni haina makato, nikakubali. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinakagua jina kabla hela haijatoka, na kweli programu ikanionya kabisa kwamba jina haliendani na akaunti, mimi nikabonyeza endelea. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana sasa benki wananijibu dada tulikuonya. Jamaa kashaniblock.

Ila msije mkamwona kila anayeomba advansi ni tapeli, hivyo visiwa vidogo wenye vyumba wengi ni familia tu na kutumiwa diposti benki ni kawaida yao. Cha kuangalia ni namba ya AMA, usajili wa nyumba za kupangisha muda mfupi unaotolewa na mamlaka yao ya mapato, AADE, na sheria inataka iwepo kwenye tangazo (hoteli zina namba zao tofauti). La kwangu halikuwa nayo. Hata ikiwepo inaweza kuwa imeibwa kwa mtu, kwa hiyo mwambie akupigie video akiwa ndani ya nyumba, afungue dirisha uone nje. Na picha zitafuteni mtandaoni, mimi nilitafuta baada ya kulia, nikakuta baraza ile ile kwenye tangazo la nyumba ya Paros, kisiwa kingine kabisa.

Polisi nimeshatoa taarifa. Jana nimemwona tena amebadilisha jina, sasa nyumba iko kisiwa cha Folegandros, mlango ni ule ule wa bluu. Folegandros nayo haina eapoti. Kama umemtumia hela jana au leo, acha kusoma, pigia benki yako sasa hivi.